Dhamana

Mlinzi alisoma jina la chuo kwenye barua yangu, akaniuliza kiko wapi. Dada wa mapokezi naye akauliza hivyo hivyo. Ilikuwa benki ya tisa pale Posta. Nasoma uzamili wa fedha na nilitafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo tu.

Jioni mjomba akapiga simu moja. Wiki iliyofuata nikapewa meza, idara ya mikopo.

Kazi yangu ilikuwa kuchambua maombi ya wafanyabiashara wadogo. Asiye na dhamana aliwekwa pembeni kabla hesabu zake hazijasomwa. Mama mmoja wa Tandika alileta daftari safi la mauzo la miaka mitatu. Nikamweka pembeni.

Najitetea kwamba sikumwibia mtu, uwezo ninao. Lakini uwezo wangu haukusomwa. Kilichosomwa ni jina la mjomba, dhamana yangu. Mwenzangu wa darasani, anayenizidi alama, bado anazunguka na bahasha.

Ningeweza kumwomba mjomba apige simu ya pili. Sikuomba. Niliogopa kumaliza hisani yake, nikijiwekea akiba ya siku ya kutafuta ajira. Hapo ndipo kujitetea kwangu kunapokwama.