Mrudishe Alikokuwa

Mwanangu, kaa kidogo. Sina nguvu za kugombana, na hili nimeshalisema mpaka ulimi umechoka.

Juzi nilikuwa natafuta kiwanja mtandaoni. Nimepekua kurasa saba, nimekipata, nikabonyeza nione ramani. Nikaambiwa niingie kwanza. Haya. Nikaandika nenosiri kwa kidole hiki kinachotetemeka, mara nikajikuta ukurasa wa mwanzo: "Karibu!" Karibu wapi, na mimi nilikuwa nimeshafika? Nilizima simu nikalala.

Na wewe ndivyo unavyowafanyia watu kwenye tovuti unazotengeneza. Unanijibu kwamba seva haina kumbukumbu. Ni kweli, HTTP hailikumbuki ombi lililopita, ndiyo maana Lou Montulli wa Netscape akabuni vidakuzi mwaka 1994. Basi vitumie. Mtu akikuta mlango umefungwa, hifadhi kwanza anwani aliyokuwa akiiendea kwenye sesheni yake, ndipo umpe fomu. Akishaingia, isome, ifute, mpeleke. Usiitegemee ile taarifa ya Referer, inayotaja ukurasa alikotoka mtu (neno lililokosewa herufi tangu waraka wa HTTP wa 1996, nasi tukalizoea hivyo hivyo). Kuna vivinjari vinavyoificha. Tena akikosea nenosiri mara moja tu, ukurasa uliotangulia unakuwa ule ule wa kuingilia. Atazunguka hapo kama ngamia wa kinu cha mafuta.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo watu huibiwa. Ukiiweka anwani ya kurudia ndani ya kiungo, kama mfumo wa Django unavyofanya kwa neno "next", usiiamini. Tapeli atatuma kiungo chenye jina la tovuti yako. Mtu ataliona jina, atatulia, ataingia vizuri kabisa kwako. Kisha wewe mwenyewe utamkabidhi kwa tapeli, kwenye ukurasa uliofanana na wako kama pacha, unaomwambia nenosiri limekosewa, aandike tena. Naye ataandika.

Usiniambie umehakikisha anwani inaanza na mkwaju (/). Ikianza na mikwaju miwili, kivinjari kinahesabu hiyo ni tovuti nyingine. Django wameshaandika ukaguzi wa jambo hilo. Uutumie, usijitungie wako. Anwani ikikutia shaka, hapo ndipo umpeleke mtu ukurasa wa mwanzo.

Ile kazi uliyosema umeimaliza jana, ifungue tena leo, kabla hujamkabidhi mteja.