Jina Juu ya Makala

Mshairi wa zamani wa Pwani alikuwa na desturi ya kujitaja karibu na mwisho wa utenzi wake. Akishamaliza kisa cha vita au wasia, humwambia msomaji jina lake na la baba yake, mji wake, na pengine mwaka wa Hijra aliotungia. Kisha huomba radhi, na kumtaka aliyemzidi elimu asahihishe palipopungua. Wako wanaoichukua desturi hii kuwa ni majivuno. Sivyo. Mtu aliyetaja jina la baba yake na mji wake amewaonyesha watu mlango wa kubisha wanapokuwa na lawama.

Desturi hiyo iliyumba pale tungo zilipoanza kukusanywa ili zichapwe ng'ambo. Diwani ya Muyaka, iliyotoka Johannesburg mwaka 1940, inabeba jina la Muyaka bin Haji, kama ipasavyo, na jina la mhariri wake, William Hichens. Lakini Muyaka alifariki mnamo 1840, na mashairi yake mengi yangalipotea lau si Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeyakusanya na kumfafanulia W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza. Wapenzi wa ushairi wanalijua jina la Sikujua, wengineo hawalijui. Alijua mengi huyu aliyeitwa Sikujua.

Jambo hilo halikwisha na karne yake. Limehama tu, kutoka kwenye ushairi likaingia katika sayansi, na kutoka ufukweni likaingia bara. Mfano wake mzuri wa leo uko mbali kabisa na bahari, katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na kufanya makao yake makuu mjini Mpanda. Reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi, wakati wa ukoloni wa Waingereza. Madini yalipakiwa, yakaenda zake, na mgodi ukafungwa. Siku hizi kinachosafirishwa kutoka huko ni chepesi zaidi: ni madaftari yaliyojaa takwimu.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, na misitu ya miombo inayoizunguka imewavuta wataalamu wengi. Tim Caro amehesabu wanyama huko tangu miaka ya 1990. Monique Borgerhoff Mulder amekaa kwa vipindi virefu miongoni mwa Wapimbwe, kusini mwa hifadhi, na mwaka 2009 akachapisha makala juu ya ndoa zao, akiuliza kama kuoa na kuolewa mara kwa mara kunamfaidi zaidi mwanamume au mwanamke. Kaskazini, katika bonde la Issa, sokwe wa miombo wanafuatiliwa tangu miaka ya 2000. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayowezekana bila ya watu wa mahali hapo. Mtu mmoja hutangulia mbele ya mtafiti, akatambua kinyesi kama ni cha korongo au cha palahala. Huutaja mti kwa Kipimbwe kabla haujapewa jina la Kilatini. Huingia ua baada ya ua kuuliza mwanamke amezaa mara ngapi na wangapi wamefariki, swali ambalo mgeni akiliuliza peke yake atajibiwa kwa adabu tu, wala si kwa kweli.

Makala ikichapwa, mtu huyu huonekana wapi? Aghalabu katika aya ya mwisho, kwenye shukurani, baina ya taasisi iliyotoa fedha na ofisi iliyotoa kibali. Pengine hutajwa kwa jina moja. Pengine huwa ni "wasaidizi wetu wa uwandani", wala hawahesabiwi.

Wahariri wa majarida hawakulipuuza suala la nani aitwe mwandishi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, iliyokutana kwanza Vancouver mwaka 1978, imeweka masharti ambayo majarida ya fani nyingine nyingi yanayafuata. Tangu 2013 masharti hayo ni manne: mtu awe amechangia kwa uzito katika kubuni kazi, au katika kukusanya data au kuzichambua; awe ameandika au kuihakiki rasimu; awe ameidhinisha inayochapwa; na akubali kuwajibika kwa kazi nzima panapozuka shaka. Hapo ndipo wengi hujificha. Husema: mfuata nyayo wetu ametimiza la kwanza, lakini hakuandika, wala Kiingereza hakijui, basi si mwandishi. Ni hoja nyepesi. Kamati yenyewe imeonya kwamba masharti hayo yasitumiwe kumtoa mtu kwa kumnyima nafasi ya kuyatimiza. Aliyetimiza la kwanza apewe fursa ya kuipitia rasimu na kuiidhinisha. Rasimu inaweza kusomwa kwa Kiswahili chini ya mwembe. Asiyefanya hivyo hakuzuiwa na kanuni.

Lakini hoja ya haki, ijapokuwa ni nzito, si yote. Watu huizungumza habari hii kana kwamba jina ni ujira uliocheleweshwa: fulani alitoa jasho, naye alipwe heshima. Mshairi wa utenzi angalishangaa, kwa kuwa kwake jina lilikuwa dhamana. Na kwa kipimo cha dhamana, makala isiyo na jina la aliyeona ina pengo ndani yake. Profesa anaweza kuulizwa juu ya hesabu zake, akajibu. Akiulizwa kama kinyesi kile kilikuwa cha korongo kweli, au kama mama yule wa Mpimbwe alikusudia "mtoto wangu" kwa maana ya aliyemzaa au ya wa dada yake, atajibu kwa imani tu. Mwenye jibu hayumo. Ameahidi kuwajibika kwa kazi nzima, naye hana ufunguo wa nusu yake.

Yapo mambo mawili ya Afrika Mashariki yanayofaa kuwekwa kando kwa kando. Agosti 1984, huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliokota kipande cha fuvu kilichofungua njia ya kupatikana mifupa ya mvulana wa kale, karibu mzima. Makala ya kuitangaza ilitoka mwaka 1985 katika jarida la Nature, ikiwa na majina manne: Brown, Harris, Leakey na Walker. Kimeu hakukosa heshima. Mwaka huo huo alivishwa nishani ya National Geographic na Rais Reagan, na kuna nyani wa kale aliyepewa jina lake. Nishani alipata, na nyani alipata. Mahali pa kujibu maswali hakupata.

Jambo la pili ni la Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanganyika aliyeona, mwaka 1963, kwamba maziwa yaliyowekwa ya moto yaliwahi kuganda kuliko yaliyopoa. Alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye hakucheka bali alikwenda kujaribu. Makala yao ya 1969 katika jarida la Physics Education ina majina mawili, la Mpemba likiwa mbele, na imegawanyika: Mpemba anasimulia alichokiona, kisha Osborne anaeleza alichokipima. Wataalamu wanabishana juu ya jambo lenyewe hata leo, na kila mbishi anajua ni neno la nani analolipinga.

Katavi nayo haikukosa mfano wa namna hii. Kitabu cha historia na mila za Wapimbwe, kilichotolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam kwa Kiswahili na Kiingereza, kinatanguliza jina la Peter Mgawe. Wageni wanafuata nyuma yake. Mzee wa Mpimbwe asiyekubali asili ya ukoo fulani ilivyoelezwa anaweza kukisoma, au kusomewa, akabisha.

Upo upotovu wa upande wa pili, nao usifichwe kwa kisingizio cha uzalendo. Tume ya Sayansi na Teknolojia humtaka mtafiti wa kigeni awe na mshirika Mtanzania, na nia yake ni njema. Lakini nia njema hiyo inaweza kuishia katika jina la hisani: mkubwa wa ofisi, asiyewahi kuvuka mto Katuma, akawekwa juu ya makala, ilhali aliyetembea akabaki katika shukurani. Hilo halikuongeza Mtanzania hata mmoja mwenye kuwajibika.

Palipo pagumu kweli ni kwenye nyamapori. Mwaka 2012 jarida la Tropical Conservation Science lilichapa makala juu ya ulaji wa nyama hiyo katika nchi ya Katavi na Rukwa. Kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Anayesema nyumbani kwake huliwa nini lazima afichwe, na hilo halina mjadala. Lakini aliyemuuliza? Naye ni jirani. Makala ikisomwa na wenye mamlaka na doria zikaongezeka, mtafiti yuko California. Msaidizi yuko kisimani na watu wale wale. Jina lake likiandikwa, limemfunga kwa kijiji na kwa serikali pia. Likifutwa bila ya yeye kuulizwa, amefanywa chombo. Kuna atakayechagua kutajwa, na kuna atakayechagua shukurani zisizo na jina, na wote wawili watakuwa na akili timamu. Swali hilo hapana budi aulizwe kabla makala haijapelekwa kwa mhariri, kwa lugha anayoifahamu, na apewe siku za kwenda kushauriana na watu wa nyumbani kwake.