Matunda Chotara na Mpaka wa Uumbaji

Chotara ni mmea unaozaliwa pale chavua ya aina moja inapotungisha ua la aina nyingine. Beri nyingi zinazopandwa bustanini nyumbani, stroberi ikiwa ya kwanza, zimepatikana kwa njia hiyo. Ndiyo maana swali la kale la dini linazihusu: je, anayechanganya aina anaingilia kazi ya Muumba?

Hoja ya wanaokataza ina mizizi katika Torati. Mambo ya Walawi, sura ya 19, inakataza kupanda mbegu za aina mbili katika shamba moja, na katika Mishna ya Kiyahudi kuna kitabu kizima, Kilayim, kinachochambua katazo hilo. Katika karne ya 13 mwanazuoni wa Kiyahudi Nachmanides alifafanua kwamba mchanganyaji hutenda kana kwamba Mungu hakuikamilisha dunia. Kwa mtazamo huu, kila aina ina mpaka wake, na kuheshimu mpaka ni sehemu ya ibada.

Historia ya beri zenyewe inaitia hoja hiyo mashakani. Mwaka 1714 Mfaransa Amédée-François Frézier alirejea kwao na miche ya stroberi kutoka Chile. Miche hiyo ilikuwa na maua ya kike tu, hivyo ikawa tasa mpaka ilipopata chavua ya jirani zake, stroberi za Virginia. Ujirani huo ulizaa stroberi kubwa inayolimwa leo. Huko Santa Cruz, California, mwaka 1881, hakimu James Harvey Logan alikusudia kuchanganya aina mbili za blakiberi. Karibu nazo ilikuwepo rasiberi, na chavua yake ikapenya: ndipo ilipotokea loganiberi. Uwezo wa kuchanganyika, basi, umo ndani ya mimea yenyewe, na blakiberi za mwituni huchanganyika bila mkono wa mtu. Kama mpaka upo, Muumba hakuujenga kama ukuta.

Hata hivyo, jambo kutokea lenyewe hakulifanyi liwe halali kwa mtu kulitenda. Upepo huangusha nyumba, wala hakuna anayeruhusiwa kuuiga. Inahitajika hoja nyingine, na Uislamu unayo. Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim inasimulia kwamba watu wa Madina walizoea kuchavusha mitende kwa mikono. Mtume Muhammad alipoonyesha shaka juu ya faida yake, wakaiacha, na mavuno yakapungua. Hapo akawaeleza kwamba mambo ya dunia yao wao wanayajua zaidi. Wanazuoni wengi wameielewa hadithi hiyo kuwa ufundi wa kilimo umeachiwa uzoefu wa watu, mradi haukiuki katazo la wazi.

Ruhusa hiyo haimalizi suala. Mbegu ya stroberi chotara haitoi mche unaofanana na mama yake, kwa hiyo mkulima huzalisha miche kutokana na vitawi vinavyotambaa ardhini. Aina aipendayo hudumu kwa kuhudumiwa tu. Boiseniberi, chotara nyingine, ilikaribia kupotea kwa sababu hiyohiyo: Rudolph Boysen, aliyeizalisha, aliiacha huko California, na katika miaka ya 1920 mkulima Walter Knott aliokoa mashina machache dhaifu yaliyokuwa yamezongwa na magugu, akayatunza mpaka yakazaa. Kisichokuwepo kabla ya mkono wa mtu huutegemea mkono huo ili kiendelee kuwepo.

Kwa hiyo uzito wa swali unahama kutoka kwenye tendo la kuchanganya kwenda kwenye wajibu unaolifuata. Anayeshikamana na katazo la Torati ataiacha mimea isichanganywe, kwa utii. Anayeona kwamba ameruhusiwa hawezi kudai kuwa ameumba, kwa kuwa chavua, ua na uwezo wa kupokeana alivikuta tayari. Kilicho chake ni uamuzi wa kuvikutanisha, na pamoja nao deni la kukitunza kilichozaliwa.