Muda Mrefu wa Mcheza Poka

Mtu anayeishi kwa kucheza poka amejifunza jambo ambalo wengi wetu tunalikiri kwa mdomo tu: kwamba uamuzi mzuri unaweza kuzaa hasara, uamuzi wa kijinga ukazaa faida, na kwamba matokeo ya mara moja hayatoshi kumhukumu aliyeamua. Hupoteza pesa wiki nzima, akapitia upya alivyocheza, akaona hakukosea, akarudi mezani bila kinyongo. Kwa sababu hiyo kijana wa namna hii hudhaniwa kuwa mwekezaji aliyekwisha kuiva: anazijua hesabu za uwezekano, haogopi misukosuko, na kila mara husema kwamba anatazama muda mrefu. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Muda mrefu wa mezani na muda mrefu wa uwekezaji ni vitu viwili, na asiyevitenganisha atapeleka kwenye akiba yake tabia zilezile zinazomlisha leo, nazo huko zitamfilisi.

Muda mrefu wa mezani umeundwa kwa marudio. Jacob Bernoulli, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1713, alithibitisha kwamba jaribio likirudiwa mara nyingi matokeo yake hukaribia uwezekano wake halisi. Anayecheza mtandaoni, meza kadhaa kwa wakati mmoja, huyakusanya marudio hayo kwa maelfu ndani ya siku chache, na bahati mbaya ya mkono mmoja humezwa na wingi wa mikono mingine. Miaka haikusanyiki hivyo. Kijana wa miaka 25 ana mfululizo mmoja tu, na kila mwaka huanza na kile kilichobakizwa na mwaka uliotangulia. Chukua dau la kurusha sarafu: ukishinda, mali yako yote inaongezeka kwa asilimia 50, ukishindwa, inapungua kwa asilimia 40. Kwa wastani dau hilo lina faida ya asilimia 5, na watu elfu wakilicheza mara moja kila mmoja, kundi lao kwa jumla linatarajiwa kutajirika. Lakini mtu mmoja akilicheza mfululizo, akashinda mara moja na kushindwa mara moja, shilingi 100 huwa 150, kisha 90. Baada ya mara kumi, tano za ushindi na tano za hasara, hubaki na 59 hivi. Wastani ni wa kundi, naye hana kundi. John Kelly, wa maabara za Bell nchini Marekani, alionyesha mwaka 1956 jinsi ya kukokotoa sehemu ya mtaji inayofaa kuhatarishwa ili mali ikue bila kuteketea, na wacheza poka makini hulifuata wazo hilo kwa kutoketi kwenye meza ambayo dau lake linauzidi mtaji wao. Kinachosahaulika ni kwamba kazi yenyewe ya poka nayo ni dau, na wengi wameiwekea kila walicho nacho.

Ushahidi hauko mbali. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi kupitia shindano dogo la mtandaoni, alishinda shindano kuu la World Series of Poker na kuondoka na dola milioni 2.5. Washiriki mwaka huo walikuwa 839. Mwaka 2006 walifika 8,773. Wimbi hilo lilileta mezani umati wa wageni wasiojua kucheza, na baadhi ya vijana waliojihesabu mahodari walikuwa wanavuna ugeni huo kuliko walivyojua. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungulia mashtaka tovuti kubwa zilizowahudumia wachezaji wake. Wamarekani ambao mtaji wao ulikuwa kwenye Full Tilt Poker, mojawapo ya tovuti hizo, hawakuanza kurudishiwa hadi mwaka 2014. Mwaka 2017 Libratus, programu iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wataalamu wanne katika mikono 120,000, na leo programu za kukokotoa mbinu bora zinapatikana kwa yeyote mwenye kompyuta na subira. Julai 2025 Marekani ilipitisha sheria ya kuruhusu asilimia 90 tu ya hasara za kamari iondolewe kwenye hesabu ya kodi kuanzia mwaka 2026, hivyo aliyeshinda dola 100,000 na kupoteza 100,000 ahesabiwe kuwa na kipato cha 10,000. Hakuna hata moja kati ya haya lililotokana na karata. Mchezaji anaweza kuwa na kumbukumbu za mikono milioni moja, zisimwambie lolote kuhusu siku ambayo meza itafungwa, kwa kuwa yote ilichezwa meza ikiwa wazi.

Zvi Bodie, Robert Merton na William Samuelson walieleza mwaka 1992 kwamba uwezo wa mtu wa kufanya kazi ni sehemu ya mali yake, hivyo akiba haipangwi bila kuutazama. Mwalimu mwenye mshahara wa serikali ana mali inayofanana na hatifungani, yaani pato dogo lakini la kutegemewa. Mali ya mcheza poka inafanana na hisa ya kampuni moja changa. Ndiyo maana ushauri uliozoeleka, kwamba kijana abebe hatari kubwa kwa kuwa ana miaka mingi mbele, haumfai ulivyo: umejengwa juu ya mshahara, naye hana. Akiba yake inapaswa kutulia pale kazi yake inapoyumba. Itangulie pesa ya kuishi mwaka mzima au zaidi, iliyotengwa kabisa na mtaji wa mezani. Na kwa kuwa akiba ya taslimu, licha ya methali kwamba akiba haiozi, huozeshwa na mfumuko wa bei, kinachozidi hapo kiende kwenye hatifungani na kwenye mfuko wa gharama ndogo unaonunua soko la hisa kwa upana wake, wa aina ambayo John Bogle aliwafungulia watu wa kawaida mwaka 1976. Kinachofaa kuepukwa ni mali inayozama siku moja na poka: hisa za kampuni za kamari, mikopo kwa wachezaji wenzake, ubia katika madau yao. Sheria haimzuii kujiwekea akiba ya uzeeni. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1987, katika kesi ya Groetzinger, kwamba anayecheza kamari kutwa ili apate riziki anaweza kuhesabiwa kuwa mtu mwenye biashara, na mtu aliyejiajiri huweza kujifungulia akaunti ya uzeeni yenye nafuu ya kodi. Ila hakuna mwajiri wa kumkata mshahara mwisho wa mwezi; atakayekata ni yeye.

Mchezaji mwenyewe atauliza: kwa nini nitoe pesa mahali ninapopata faida kubwa kuliko soko lolote la hisa? Swali hilo linachanganya faida ya ustadi na faida ya mtaji. Poka hulipa ustadi kwa saa, na mtaji unahitajika mpaka kiwango fulani tu. Aliye na mara kumi ya mtaji unaotosha meza yake hashindi mara kumi zaidi, kwa kuwa meza haipokei kiasi hicho. Akipanda kwenye meza ya dau kubwa ili akitumie, atakuta wapinzani bora na ustadi wake utapungua thamani papo hapo. Pesa inayozidi hitaji la mezani imekaa bure.

Wengine watasema soko la hisa nalo ni kamari yenye tai shingoni. Lakini tofauti ipo. Pesa za mezani huzunguka kati ya wachezaji, kasino ikichukua sehemu yake, hivyo kila anayepata amempunguzia mwenzake. Jambo hili ndilo kiini cha lawama ya kimaadili dhidi ya kamari, na mtetezi wa poka hana jibu rahisi kwalo. Wenye hisa za kampuni inayouza unga au umeme wanaweza kunufaika wote pamoja, kwa kuwa kitu kimezalishwa. Si kwamba hatari haipo: kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 faharasa ya hisa za Marekani iitwayo S&P 500 ilianguka kwa asilimia 57 hivi. Hapo mazoea ya mezani yana thamani, maana mchezaji amezoea kuona fungu likipungua bila kuuza kwa hofu. Kinachomponza ni ile hamu ya kumtafuta mnyonge. Mezani humwona mpinzani na kumpima. Sokoni hamwoni, na huenda ni taasisi yenye wachambuzi mia. Mwanahisabati Edward Thorp alitoka kwenye karata akafanikiwa Wall Street, lakini aliingia na hesabu mpya za kutambua bei zilizokosewa, na ustadi wake aliuthibitisha upya huko. Somo la kwanza la poka ni kutoketi mahali usipowazidi wengine. Likifuatwa kwa uaminifu, humwelekeza mchezaji anunue soko zima asijaribu kulishinda.

Pingamizi zito zaidi ni la uhuru: kijana aliyeikimbia ofisi hataki kuishi kama karani anayehesabu miaka ya kustaafu. Lakini asiye na akiba hulazimika kucheza akiwa amechoka, kwenye meza mbaya, kwa hofu ya kodi ya nyumba. Mcheza poka Stu Ungar alishinda shindano kuu la dunia mwaka 1980, 1981 na 1997, akafariki Novemba 1998 akiwa na miaka 45, karibu bila kitu. Dawa za kulevya zilichangia sana, hivyo kisa chake hakiihukumu poka. Kinaonyesha tu kwamba kushinda na kutunza ni vipaji viwili, na cha kwanza hakizai cha pili. Pato la poka hudumu maadamu mtu anawazidi wengine, na hakuna anayewazidi wengine milele. Akiba iliyowekezwa kwa upana haimuulizi mwenyewe kama bado ni hodari. Anayeiweka mapema anajinunulia haki ya siku moja kuwa mtu wa kawaida bila kufilisika, na kabla siku hiyo haijafika anaweza kuinuka mezani kwa hiari yake.