Mtawala na Safari ya Kuwaona Raia

Imepokewa katika tarikh kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, mwishoni mwa ukhalifa wake alinuia kuzizunguka nchi zake mwaka mzima, akae Sham miezi miwili, Misri miezi miwili, kisha Bahrain, Kufa na Basra. Sababu aliyoitoa ni kuwa raia wana haja ambazo wenyewe hawawezi kumfikia nazo, na maliwali wake hawamfikishii. Aliuawa mwaka 23 wa Hijra, safari haijatimia.

Zingatia, ndugu msomaji. Umar hakunuia kuwapa watu heshima ya kumwona. Alinuia kwenda kama mdaiwa amwendeavyo anayemdai.

Huku kwetu mtawala akija, barabara hufagiwa, watoto wa skuli hupangwa juani, na wazee wa kusema huchaguliwa. Nani huwachagua? Ni wale wale ambao Umar alichelea kuwa hawafikishi! Mgeni huondoka ameona alichoonyeshwa, nasi twajisifu kuwa tumetembelewa.

Mji wa Wajir umeyaona ya namna mbili. Tarehe 8 Februari 1984 maofisa wakubwa wa serikali walifika huko. Baadaye walisema ilikuwa safari ya kuijua nchi. Siku mbili baadaye wanaume wa Kidegodia walianza kukusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, wakawekwa juani bila ya maji, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri watu 57. Walionusurika wataja maelfu. Sihukumu yaliyosemwa katika kikao cha maofisa wale. Nasema tu kwamba kufika peke yake hakumkingi raia.

Kisha, Februari 2025, Rais William Ruto alitia saini mjini Wajir tamko la kuondoa uchunguzi wa pekee ambao watu wa kaskazini walipitishwa, kwa miongo mingi, kabla ya kupewa kitambulisho. Watu walifurahi, na haki yao kufurahi. Lakini ikiwa uchunguzi ule ulikuwa dhulma, mbona kuondolewa kwake kukangoja safari? Kalamu ile ingeandika Nairobi vile vile. Naona jawabu ni hili: dhulma ya karatasi hudumu kwa sababu anayeiamuru hazioni nyuso za wanaorudishwa mlangoni. Kwa hiyo safari ina faida, lakini ni kwa mwenye kwenda kuziona nyuso hizo, si kwa mwenye kwenda kupigiwa vigelegele.

Na Wajir ni mji wa visima. Mtawala na akae kisimani asubuhi moja, bila ya liwali ubavuni, aulize mtoto wa nani amenyimwa kitambulisho, na nani aliyemnyima.