Daraja la Tsavo na Haki ya Wasiotajwa



Kila mvua kubwa zinyeshapo huko bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi, kwa udongo mwekundu unaomwagwa na mto Sabaki. Mto huu una majina mengi. Huku kwetu ni Sabaki, juu yake huitwa Galana, na Galana yenyewe huzaliwa pale mito miwili, Athi na Tsavo, inapokutana. Basi sehemu ya maji yapitayo chini ya daraja letu la Sabaki yamekwisha kupita chini ya daraja jingine la kale, lililo mbali na bahari. Hilo ndilo tulilokwenda kulitazama, watu wanane wa darsa yetu, na swali tulilorudi nalo ndilo tunalowawekea leo: je, kazi yenye manufaa, iliyojengwa kwa mateso ya watu, yafaa kusifiwa?

Tulitoka Malindi alfajiri, tukashika njia ya Kakoneni na lango la Sala, mto ukiwa mkono wetu wa kulia, hata tukafika Voi. Na kutoka Voi tukafuata barabara kuu ya Nairobi. Karibu na stesheni ya Tsavo tulishuka, tukaenda kwa miguu kando ya tuta la reli ya zamani. Abiria wa Mombasa na Nairobi waliiacha njia hii mwaka 2017, ilipofunguliwa reli mpya. Pande zote mbili ni vichaka vya miiba, na kila tulipoukaribia mto miti ilizidi kusongamana. Kisha daraja likatokea: chuma juu ya nguzo za mawe. Tulikaa kivulini, hapana aliyesema neno kwa muda.

Habari za mahali hapa si za kificho. Reli ilianzwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Waingereza walileta kutoka Bara Hindi wafanyakazi karibu 32,000, walioitwa makuli, wengi wao watu wa Punjab, Waislamu na Masingasinga na Wahindu. Na yapata 2,500 kati yao walikufa. Mwaka 1898, daraja la Tsavo lilipokuwa likijengwa, simba wawili waliingia makambini usiku baada ya usiku wakawatoa watu mahemani. Msimamizi wa kazi, John Henry Patterson, aliwaua simba hao mwezi wa Disemba mwaka ule ule, na mwaka 1907 akatoa kitabu chake. Humo alitaja Wahindi 28 walioliwa. Ama Waafrika walioliwa, idadi yao haikuandikwa na serikali. Simba wenyewe wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field, Chicago, na watu huenda kuwatazama. Tazameni, ndugu zetu: mnyama aliyeua amewekewa nyumba ya kioo, na wengi wa waliouawa hawakubakiwa hata na jina.

Kijana mmoja wetu akasema, "Daraja hili ni damu. Waliolijenga walitaka kufika Uganda na kuishika nchi, hawakutukusudia sisi. Kulisifu ni kumsifu mdhalimu."

Mzee wetu akamjibu, "Mwanangu, jiwe halina dhambi. Wagonjwa wamepita hapa wakienda kutafuta dawa, na wanafunzi wakienda kusoma. Utawaambia kuwa walikula haramu?"

"La, mzee wangu, sisemi hivyo. Lakini nani atawalipa waliokufa?"

Mzee hakuwa na jawabu, nasi hatukuwa nalo. Hata hivyo twaona kuwa kila mmoja wao alishika nusu ya haki. Manufaa hayaifuti dhuluma, wala dhuluma haiyafanyi manufaa kuwa haramu. Yote mawili husimama pamoja, na linalobaki baina yao ni deni. Sheria yetu yatufundisha kuwa maiti akiacha mali na madeni, hulipwa madeni kwanza, ndipo warithi wagawane. Sisi tumerithi reli, tumerithi barabara na bandari, tukagawana manufaa yake. Lakini deni hatukuuliza. Anayeufurahia urithi hawezi kusema kuwa deni ni la mwingine.

Na tusidhani kuwa madeni haya ni ya Waingereza peke yao. Malindi yetu ya karne ya 19 ilisifika kwa mtama na ufuta uliopakiwa majahazini kwenda Arabuni. Nani aliyelima mashamba yale? Watumwa. Waliotoroka walikimbilia nyika, wakafanya mji wao Fuladoyo. Sheria ya kuufuta utumwa katika pwani hii ilikuja mwaka 1907, nayo haikuletwa na masheha wetu. Twajua nasaba za waliomiliki mashamba. Nasaba za waliolima tumeziacha zipotee, na pengine tumezificha. Basi tukimshitaki Mwingereza kwa daraja la Tsavo, nasi tuwe tayari kusimama mbele ya hakimu yule yule.

Wafu hawalipiki kwa fedha. Lakini deni lao lina njia mbili za kulipwa: kusema kweli juu yao, na kutowafanyia walio hai yale waliyofanyiwa wao. Mchimba mawe wa timboni, kibarua wa chumvi, mtumishi wa nyumbani, hao ndio wajenzi wa leo. Ujira wao usingoje jasho likauke, na akiumia mmoja wao kazini asirudishwe kwao mikono mitupu.

Tuliporudi Malindi magharibi, tulitawadha kwa maji ya kisima cha madrasa yetu. Juu ya kisima pana jiwe la marumaru lenye majina ya waliotoa fedha, na miongoni mwetu wamo waliotajwa. Yule kijana akauliza, "Na waliokichimba ni nani?" Tukatazamana. Twakumbuka walikuwa watu wawili kutoka upande wa Kakoneni, na kuwa mmoja alivunjika mguu kabla maji hayajaonekana. Hapana hata mmoja wetu aliyejua jina lake, wala aliyejua kama alipewa chochote zaidi ya ujira wa siku alizofanya kazi.

Jumamosi ijayo wawili wetu watakwenda Kakoneni kuuliza.