Siku mana ilipokoma



Katika Kitabu cha Yosua, sura ya 5, imo habari ambayo wengi huipita upesi. Miaka 40 Waisraeli walikula mana jangwani. Lakini walipokwisha kuvuka mto Yordani na kula mazao ya nchi, kesho yake mana ikakoma. Je, Mungu aliwaacha? Sivyo. Aliwalisha bado, lakini kwa njia nyingine: zamani kwa mkate utokao juu, sasa kwa shamba.

Habari hiyo yatuhusu. Tarehe 4 Mei 2023, maji ya mvua yalibomoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, yakaua watu zaidi ya 400. Serikali ilituma msaada, na watu wema vilevile. Kupokea msaada wa namna hiyo si aibu. Aliye mhitaji apokee na kushukuru. Lakini msaada wa siku za taabu una mwisho, kama mana. Ole wake baba wa nyumba anayeishi kana kwamba gari la unga litakuja daima!

Basi tujiweke tayari namna gani? Tazameni Yozefu kule Misri. Katika miaka 7 ya shibe alitenga fungu moja katika kila mafungu matano, na njaa ilipofika watu hawakuangamia.

Kwanza, mume na mke waketi pamoja, wahesabu vilivyomo nyumbani. Fedha inayofichwa na mmoja hailindi watoto.

Pili, ukipokea franka 5000, weka kando 1000. Usipoweza, weka kidogo, lakini weka.

Tatu, mbegu usizipike. Maharagi huiva kwa miezi mitatu hivi: apandaye msaada ungaliko, atavuna msaada ukiisha kwisha.

Nne, usikope kwa kutumaini msaada ujao. Msaada hupita, deni hubaki mlangoni.

Labda mmoja wenu atasema: «Yezu alitukataza kuhangaika kwa ajili ya kesho.» Ni kweli. Lakini Yezu huyo huyo, alipokwisha kulisha watu 5000, aliagiza mabaki yakusanywe, vikajaa vikapu 12. Anayemtumaini Mungu hatupi makombo.

Tena msiweke akiba kwa uchoyo. Mana iliyofichwa kinyume cha amri iliingia mabuu. Mjane na yatima wa jirani wapate sehemu yao katika kidogo chako.

Swali: Msaada ukikoma, Mungu ametuacha?
Jibu: Hapana. Mungu hutulisha tena kwa kazi ya mikono yetu na kwa mapendo ya ndugu.

Jioni hii, kabla ya sala, hesabuni pamoja vilivyomo nyumbani. Kisha mwombeni Baba mkate wa kila siku, na asubuhi mshike jembe. Amina.